Taa ya kuonyesha kwamba stima imerudi: inavyoundwa, na isichoweza kukuambia

SWALI: "Mwalimu, nina duka la samaki wa friza na sharubati huku Kisauni, Mombasa. Stima ikipotea tunawasha jenereta iliyoko uani, na kwa kuwa mlango wa nyuma naufunga kuepuka moshi na kelele, sijui stima inaporudi. Juzi nilichoma petroli saa nzima huku majirani wote wana taa. Kijana wa dada yangu, anayesomea umeme, alitoa taa nyekundu ya LED na rezista ya kiloomu 1 kwenye redio mbovu, akaziunga kwenye waya wa stima. Zikalia 'paa' na rezista ikawa nyeusi. Baadaye fundi wa mtaani aliweka LED nyingine kwa rezista za kiloomu 200, ikawaka vizuri, akaipitisha kwenye swichi ili niizime usiku. Lakini nikiizima, bado yang'aa kwa mbali kama kaa chini ya jivu. Je, kuna stima inayovuja? Na je, taa ikizimika kabisa, naweza kuamini kwamba waya hauna kitu, nikachomeka waya wa jenereta kwenye soketi kama tulivyozoea? Nataka kujua saketi iliyo sahihi."

JIBU: Dada yangu, umeniuliza mambo matatu, na lile ulilolitia mwishoni kana kwamba ni dogo ndilo kubwa kuliko yote. Nitalifikia, lakini kabla hujaendelea kusoma nakuomba uamue jambo moja: waya wa jenereta usichomekwe tena kwenye soketi ya ukutani, taa iwake au isiwake. Sababu utaiona mbele, na utaielewa vizuri zaidi tukianza na ile LED iliyopasuka.

Kijana wako hakufanya upuuzi. Alifanya kilicho sahihi mahali pasipo pake. LED haifanani na balbu ya zamani yenye waya mwembamba ndani, ambao wenyewe huuzuia mkondo, yaani stima inayopita. LED nyekundu chini ya volti 1.8 hivi haipitishi kitu cha maana, na ikivuka hapo kidogo tu mkondo hupanda kwa kasi bila kujizuia. Kwa hiyo lazima kitu kingine kiuzuie mkondo kwa niaba yake, na hiyo ndiyo kazi ya rezista. Kwenye betri ya gari ya volti 12, LED huchukua volti 2, zinabaki 10, na rezista ya kiloomu 1 inapitisha miliampia 10, ambazo ni salama kabisa. Bila shaka hivyo ndivyo alivyofundishwa darasani. Kwenye stima ya volti 240, rezista ileile hupitisha takriban miliampia 240, na joto linalozalishwa ndani yake hufikia wati 57, ilhali yenyewe imetengenezwa kuhimili robo wati. Haikuwa na budi kuungua.

Kulikuwa na kifo cha pili kilichokuwa kikiisubiri LED hiyo hata kama rezista ingekuwa kubwa. Stima yetu hubadili mwelekeo, ikienda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ile 240 ni kipimo cha wastani wa aina yake. Kileleni volteji hufika 339. LED hupitisha mkondo upande mmoja tu, na inapokabiliwa na volteji ya kinyume, nyingi hazikusudiwi kuvumilia zaidi ya volti 5. Katika nusu ya pili ya kila mzunguko LED yako ilikuwa inasukumwa kinyume kwa nguvu nyingi kuliko ilizoumbwa nazo.

Sasa tuijenge saketi. Mtu huanza kwa kuchagua mkondo, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kufuata desturi ya zamani. Vitabu vya zamani husema LED hutaka miliampia 20. Ukitaka miliampia 20 kutoka kwenye volti 240 kwa kutumia rezista pekee, utapoteza karibu wati 5 za joto ndani ya kijisanduku, mchana na usiku, kwa ajili ya nukta moja ya mwanga. LED za siku hizi, hasa za kijani zinazotokana na ukoo uleule wa LED za buluu zilizowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, huonekana wazi ndani ya chumba kwa miliampia 1 tu. Chukua basi ukinzani wa kiloomu 200: mkondo unakuwa miliampia 1.2, na joto lote halifiki theluthi moja ya wati. Fundi wako wa mtaani alichagua vizuri.

Ila mwulize kama alitumia rezista moja au mbili. Mimi hutaka mbili za kiloomu 100, za nusu wati kila moja, moja kwenye waya wa laivu, unaoleta stima, na nyingine kwenye waya wa nyutro, unaoirudisha. Wengi hudhani rezista huchaguliwa kwa omu na wati tu, wakisahau kwamba ina kikomo cha volteji pia. Zile ndogo za robo wati kwa kawaida huishia volti 250, na kilele chetu ni 339. Zikiwa mbili zinagawana mzigo, kila moja ikibeba volti 170 tu. Faida nyingine ni kwamba ukiziweka mwanzoni kabisa, karibu na swichi, hata waya unaokwenda hadi kaunta ukibanwa na mlango au kuguswa na panya, mkondo unaoweza kutoka unabaki mdogo. Hata hivyo waya huo uwe wa kuhimili stima kamili, usiwe wa spika wala wa simu, kwa sababu rezista inaweza kuunganishwa vibaya siku moja na mtu asiyejua.

Kuhusu ile volteji ya kinyume, dawa yake ni dayodi ndogo (kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu), kwa mfano 1N4148, iliyowekwa sambamba na LED lakini ikitazama upande wa pili, yaani mstari wake uelekee mguu mrefu wa LED. Stima inapokuja kinyume, dayodi huifungulia njia, na LED haioni zaidi ya volti moja. Wapo wanaoweka dayodi ya 1N4007 kwa mfuatano na LED wakaridhika, kwa kuwa hiyo huvumilia volti 1,000. Nayo hufanya kazi, na hata hupunguza joto kwa nusu, lakini mvujo mdogo wa dayodi unaweza kuiachia LED sehemu ya volteji ya kinyume usiyoweza kuitabiri. Kwa tofauti ya shilingi chache, mimi sioni sababu ya kubahatisha. Njia ninayoipenda zaidi ni ya LED mbili za kijani zilizowekwa sambamba na kutazamana kinyume: moja inawaka stima ikienda, nyingine ikirudi, na kila moja ni ngao ya mwenzake. Zaidi ya hayo, mojawapo ikikatika utaona mwanga umepungua kabla taa haijafa yote.

Kijana wako pengine ameona ndani ya balbu za bei nafuu kwamba badala ya rezista hutumiwa kapasita, kipande kinachohifadhi chaji, naye atakuuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo. Kapasita ya nanofaradi 100 kwenye stima ya hezi 50 huuzuia mkondo kama rezista ya kiloomu 32, ikapitisha miliampia 7.5 bila kupata joto la maana. Lakini lazima iwe ya daraja la X2, iliyotengenezwa kukaa kwenye stima moja kwa moja, iwe na rezista ya kuzuia mshtuko wa kuwashwa, na nyingine ya kuimwaga chaji ili asije mtu akapigwa na kitu alichokwisha kukichomoa. Kwa taa ya kuarifu inayotaka miliampia moja, huo ni msafara mrefu wa kwenda dukani jirani.

Tuje kwenye kaa lako chini ya jivu. Kwa maelezo uliyotoa, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna waya uliochunika. Waya wa taa umepita ndani ya paipu moja na nyaya nyingine za duka, na nyaya mbili zinazolala ubavu kwa ubavu ni kapasita, hata kama hakuna aliyekusudia. Kwa kila mita unaweza kupata pikofaradi 100 hivi. Ukizima swichi, waya wa taa unabaki unaning'inia bila kuunganishwa popote, huku jirani yake ana volti 240. Kwa urefu wa mita 12, mkondo mdogo sana, usiofika maikroampia 100, hupenya kupitia huo ukaribu. Balbu ya zamani isingeujua. LED ya leo, ambayo tumeisifu kwamba inatosheka na kidogo, inatosheka na hicho pia.

Dawa ni rezista ya tatu, ya kiloomu 10, iliyowekwa sambamba na LED. Mkondo huo hafifu ukija, hupita kwenye rezista na kuzalisha volti isiyozidi moja na nusu, kiasi ambacho hakiiamshi LED. Swichi ikiwashwa kwa kweli, rezista hiyo hula sehemu ndogo tu ya mkondo na mwanga haupungui sana. Kabla ya kuiweka, lakini, fundi akague mambo mawili. Kwanza, je, swichi inakata laivu au inakata nyutro? Kama inakata nyutro, taa yako imekaa na laivu muda wote hata ikiwa "imezimwa", na huo mng'ao ni malalamiko ya haki. Pili, apime ukinzani wa ganda la nyaya kwa mega, kifaa cha kupimia mvujo, ya volti 500, kwa kuwa huku kwetu pwani unyevu wenye chumvi huingia kwenye paipu na vifungo vya nyaya bila kubisha hodi, hasa miezi ya kusi. Kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, basi kweli pana mvujo, nao hautibiwi kwa rezista.

Na asitegemee multimita, kile kipimo cha kawaida cha volti, peke yake katika uchunguzi huu. Multimita ya tarakimu haili mkondo karibu wowote, kwa hiyo kwenye waya unaoning'inia itakuonyesha volti 60 au 90 za kivuli, ukaingiwa na hofu ya bure. Akiweka mzigo, kama balbu ya kawaida ya kujaribia, kivuli hutoweka na stima halisi hubaki.

Sasa lile kubwa. Ulitaka kujua kama taa ikizimika unaweza kuamini kwamba waya hauna stima. Hapana. Taa inayowaka ni shahidi, kwa sababu haiwezi kuwaka bila kulishwa. Taa iliyozimika haijasema lolote. Huenda stima haipo. Huenda pia LED imekufa, rezista imekatika, fyuzi yake ndogo imeungua, au lehemu imeliwa na chumvi. Au nyutro imekatika mahali fulani, na hili ndilo linalonitisha zaidi: LED ikikosa nyutro haina pa kupeleka mkondo, kwa hiyo huzimika, huku laivu imesimama palepale na volti zake 240 ikimngoja mtu wa kumpitia kwenda ardhini. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye chumba cha barafu ambacho taa zake zote za paneli zilikuwa zimezimika, na msimamizi alikuwa ameshavua kifuniko akisema "hakuna kitu humu". Nyutro ilikuwa imelegea kwenye kifungo chake. Laivu zote tatu zilikuwa hai.

Ndiyo maana fundi aliyefundwa, kabla ya kushika waya, hupima kifaa chake mahali anapojua pana stima, kisha hupima waya anaotaka kuushika, kisha hurudi kupima pale pa mwanzo ahakikishe kifaa hakikufa katikati. LED iliyofungwa ukutani haiwezi kufanyiwa jaribio hilo stima ikiwa imepotea mtaa mzima.

Linganisha hayo na desturi yenu ya kuchomeka jenereta kwenye soketi. Nadhani mnatumia waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Jenereta ikiwaka, plagi ya upande wa pili ina vidole vya chuma vilivyo hai mkononi mwa mtu. Na siku atakayesahau kuzima swichi kuu, stima ya jenereta haitaishia dukani. Itatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui mbele na nyuma. Ilizoea kushusha volti 11,000 ziwe zetu za majumbani, sasa itazipandisha zile 240 kurudi juu kwenye laini ambayo mfanyakazi wa Kenya Power ameambiwa imezimwa. Stima ikirudi wakati huohuo, itagongana na jenereta, na jenereta ndiyo itakayoshindwa. Taa hupendwa katika mazingira hayo kwa sababu inaonekana kama mlinzi. Lakini taa hii huarifu tu. Hakuna mkono wa mtu inaoweza kuuzuia.

Kinachozuia mkono ni swichi ya chenjiova: ya stima upande mmoja, ya jenereta upande wa pili, na katikati pa kuzima. Imeundwa kwa chuma na plastiki kiasi kwamba pande mbili haziwezi kuungana hata mtu akiwa gizani, amechoka, au ana haraka ya samaki wanaoanza kuyeyuka. Ukiwa nayo, mahali pa taa yako panajulikana bila ubishi: kwenye vifungo vya upande wa stima, kati ya laivu na nyutro, nyuma ya fyuzi yake ndogo. Hapo itawaka stima ikirudi hata kama duka zima bado linaendeshwa na jenereta, na hilo ndilo ulilotaka tangu mwanzo. Ile swichi ya kuizimia usiku hutaihitaji. Taa hii kwa mwaka mzima haitumii hata yuniti 3 za tokeni.

Je, lazima uijenge mwenyewe? Kwa kweli, ningekuwa mimi, ningenunua taa ya paneli ya LED iliyoandikwa 220–240 V AC, ya tundu la milimita 22, ambayo ina saketi hii yote ndani ya ganda lililofungwa. Zipo pia za neoni, kama zile ndani ya swichi na pasi. Ni za kuaminika, ila baada ya miaka hufanya giza ndani na kuanza kupepesa. Na kama kijana wako ana hamu ya kuunda kitu kwa mkono wake, sitaki kumvunja moyo. Fundi akishaweka soketi moja upande wa stima wa chenjiova, chomeka hapo chaja ya simu iliyo nzuri, kisha kijana aunge LED nyekundu na rezista kwenye zile volti 5 zinazotoka. Tano ukitoa mbili zinabaki tatu, ukigawa kwa kiloomu 1 unapata miliampia 3. Ni rezista ya ukubwa uleule wa ile iliyoungua! Hapo anacheza na volteji isiyomdhuru mtu, mradi chaja isiwe ile ya bei ya kutupa isiyotenganisha stima na simu. Taa itachelewa kuzimika kidogo, kwa sababu chaja hubakiza chaji ndani, hilo lisimshtue.

Kwa kuwa biashara yako ni friza, nikuonye jambo moja ambalo hukuuliza. Taa yoyote kati ya hizi itawaka kwenye volti 160 karibu sawasawa na kwenye 240, na chaja ya simu ndiyo kabisa, hujirekebisha isionyeshe tofauti yoyote. Mota ya friza haina uvumilivu huo. Ikijaribu kuanza kwenye stima dhaifu hunguruma, hupata joto, na mwishowe huungua. Taa ikikuambia stima imerudi, haijakuambia imerudi ikiwa nzima. Kwa hilo tumia gadi ya friji, ile inayokata stima volteji ikiwa chini au juu mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuirudisha, ili gesi ndani ya kompresa ipate kutulia.

Kazi ya chenjiova na ya nyaya za upande wa stima si ya kijana anayesoma, wala si ya fundi anayekuja na bisibisi mfukoni. Kipande cha waya kati ya mita na swichi kuu hubaki hai hata ukizima kila kitu dukani, na mihuri ya mita haiguswi na mtu yeyote asiye wa Kenya Power. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, mwombe akuonyeshe kadi yake, na umwambie mambo ya kukagua niliyoyataja: swichi inakata waya upi, mega inasoma ngapi, vifungo vya nyutro vimekaza au vimeanza kuota kutu ya kijani. Ukiwa umewahi kuhisi mnyeo wa stima ukigusa mwili wa friza, au ukinusa plastiki inayoungua karibu na soketi, usingoje miadi. Zima swichi kuu na umwite leo.

Na ule waya wenye plagi mbili, ukate katikati leo hii, kabla stima haijapotea tena na mtu akautafuta kwa haraka.